Lori Lililorudishiwa Vioo: Historia ya Jicho la Mtazamaji wa Kyela

Lori kubwa linavunja ukingo wa daraja, linaruka na kutua kwenye mfereji mkavu wa zege jijini Los Angeles. Kwa kishindo cha kutua, vioo vya mbele vinachomoka na kuanguka. Punde tu lori lile lile linaonekana likimfukuza kijana wa pikipiki, na vioo viko mahali pake, vizima kabisa. Kipande hicho kimo katika Terminator 2, filamu ya James Cameron iliyotoka mwaka 1991. Ni kipande cha sekunde chache, lakini ndiyo aina ya kipande kilichozua ubishi kwenye mabanda ya video ya Tanzania, kuanzia Kariakoo hadi Kyela mjini, hata mwenye banda akaombwa arudishe mkanda nyuma.

Watengenezaji wa filamu huliita hilo kosa la mwendelezo. Chanzo chake ni namna kazi yenyewe inavyofanyika. Filamu haipigwi kwa mpangilio inavyotazamwa: tukio la mwisho linaweza kupigwa siku ya kwanza, na mazungumzo ya dakika mbili yakachukua siku tatu. Mwigizaji akiinua kikombe kwa mkono wa kulia Jumatatu, akakishusha kwa mkono wa kushoto Jumatano, kazi nzima inaharibika. Kwa sababu hiyo Hollywood ina mtu wa kuandika kila kitu tangu enzi za filamu zisizo na sauti: vifungo vingapi vilifungwa, sigara ilibaki urefu gani, jeraha liko shavu lipi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa zaidi na wanawake, na zilipokuja kamera za Polaroid walipata silaha mpya, kwa kuwa picha ilitoka pale pale na kulinganishwa na tukio linalofuata. Pamoja na umakini wote huo, vioo vya lori vilirudi.

Filamu za sayansi ya kubuni huumbuka kwa makosa haya kuliko filamu nyingine. Mtazamaji amekwisha kukubali makubwa: roboti limetoka mwaka 2029, dinosau wamefufuliwa kwa damu iliyonyonywa na mbu. Akishalipa gharama hiyo, anakuwa mkali kwa madogo. Uongo mkubwa unahitaji ukweli mdogo mdogo wa kuushikilia, na mdogo mmoja ukilegea, kila kitu kinatikisika.

Jicho hili la ukali lina historia katika nchi ya Wanyakyusa, yaani Kyela na Rungwe kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na historia hiyo inaanzia mbali na ziwa hilo.

Kabla ya uhuru, wanaume wengi wa Rungwe, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Kyela, walikwenda kutafuta fedha kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwenye migodi ya Afrika Kusini na kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Uhamaji huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, P. H. Gulliver, aliufanyia utafiti na kuuandika mwaka 1957. Katika kambi za wachimbaji wa shaba, huko Luanshya, Nkana na Mufulira, sinema za wazi zilikuwa burudani ya kila wiki kwa maelfu ya watu. Zilizopendwa zaidi zilikuwa za wachunga ng'ombe wa Marekani, na shujaa wao, awe nani, alijulikana kwa jina moja la Jeki.

Lakini Jeki aliyefika kwenye kambi hakuwa mzima. Serikali ya kikoloni ilikuwa na wakaguzi wa filamu, nao walikata vipande walivyoona havifai kwa Mwafrika: mzungu akipigwa, benki ikiibiwa, mwanamke akikumbatiwa. Kilichobaki kilikuwa hadithi yenye matundu. Mtu anaingia mlangoni na bastola, kisha ghafla yuko juu ya farasi, na adui hayupo tena. Watazamaji walilalama kwa sauti, wakazomea, halafu wakafanya kazi ambayo haikuwa yao: waliziba matundu kwa akili zao. Kibarua aliyetoka bonde la Mbaka au Lufilyo huko Unyakyusa alijifunza kusoma filamu kwa kuangalia kilichokosekana. Shule hiyo ilikuwa ngumu, na waliorudi nyumbani walirudi na elimu yake.

Wakati huo huo, upande wa Tanganyika, watu wengine walikuwa wakijenga nadharia iliyo kinyume kabisa. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliongoza jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika, likilipiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani, Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na Rhodesia ya Kaskazini zikiwemo. Sauti haikuwa kwenye mkanda. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, na sahani ilipaswa kuzunguka sambamba na picha. Kwa mpango wa namna hiyo, sindano ikiruka kidogo tu, midomo na maneno vinaachana.

Baada yao akaja William Sellers, afisa wa afya aliyeanzia Nigeria, ambaye mwaka 1939 alikabidhiwa kitengo cha filamu cha makoloni mjini London. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa kijijini hawezi kufuata filamu ya kawaida. Akaweka masharti: picha ziende polepole, kamera isigeuke geuke, ujanja wa kamera usiwepo, na kila kitendo kionekane kikiungana na kilichofuata bila kurukwa. Mwendelezo, ambao Hollywood waliuona kama usafi wa kazi, yeye aliufanya dawa ya upungufu aliodhani uko kwenye ubongo wa Mwafrika.

Ushahidi uliotajwa sana kuunga mkono fikra hizo ni kisa cha kuku. Kilisimuliwa na msomi John Wilson mwaka 1961, na mwaka uliofuata mwanazuoni wa mawasiliano Marshall McLuhan akakieneza duniani kupitia kitabu chake. Afisa wa afya alitengeneza filamu ya dakika tano hivi kuhusu kuondoa maji yaliyotuama ili kuzuia mbu, akawaonyesha wanakijiji wa Kiafrika. Walipoulizwa wameona nini, walijibu wameona kuku. Waandaaji wakashangaa, maana hawakujua kama filamu yao ina kuku. Wakaipitia picha moja baada ya nyingine, na kweli, kwenye kona ya chini, kuku alipita kwa muda wa sekunde moja.

Wilson alikichukua kisa hicho kama dalili kwamba watazamaji wale hawakujua kuitazama picha nzima. Kwa zaidi ya miaka 60 kimerudiwa kwenye vitabu vya mawasiliano kwa maana hiyo hiyo. Ukikisoma upya, kinasema jambo tofauti. Waliopiga filamu, walioikata na walioikagua hawakumwona kuku. Wanakijiji walimwona, mara moja, bila kurudishiwa mkanda. Mtu mwenye jicho kama hilo leo angeajiriwa studio.

Uhuru ulipokuja, magari ya sinema yaliendelea kuzunguka vijijini, safari hii yakiwa ya serikali ya wananchi. Kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, projekta ikaunguruma, na mkanda uliokwisha kupita wilaya nyingi ulikuwa umekatika na kuungwa mara kadhaa. Kila muungo ulimeza sehemu ya picha. Kwa hiyo hata hapo mtazamaji alilazimika kujiuliza: huyu mtu ameruka kutoka shambani hadi hospitali kwa sababu mwenye filamu amekosea, au kwa sababu mkanda umeliwa njiani?

Swali hilo lilipata uzito mpya katikati ya miaka ya 1980, pale biashara ilipofunguliwa na deki za video zikaanza kuingia kwa wingi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi ilisubiri hadi 1999. Kwa hiyo kwenye mwambao wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa Karonga upande ule, picha inayotembea ilikuwa kitu cha kwenda kukifuata. Kilifuatwa kwenye banda.

Banda umiza lilistahili jina lake. Mabati juu, mabanzi au matofali ya kuchoma pembeni, magunia dirishani kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, na runinga moja juu ya meza iliyoinuliwa. Nje jenereta. Kyela ni nchi ya mvua nyingi na joto, na ndani ya banda lililojaa, jasho na harufu ya petroli vilikuwa sehemu ya kiingilio. Ubao wa mlangoni uliandikwa kwa chaki: picha ya saa nane, picha ya saa kumi, picha ya usiku. Mvua ikipiga bati, sauti ilipotea kabisa, na hakuna aliyetoka.

Hapo ndipo jicho liliponolewa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni uhaba. Mikanda ilitoka Mbeya, zaidi ya kilomita 100 juu ya milima, au Dar es Salaam kwa basi. Mwenye banda aliyepata mkanda mzuri aliuonyesha hadi uchakae. Kijana aliyekuwa na kiingilio cha mara tatu aliiona filamu moja mara tatu. Mara ya kwanza alimfuata stelingi. Mara ya pili alimfuata adui. Mara ya tatu hakuwa na wa kumfuata, akaanza kuangalia koti, saa ya ukutani, damu, matairi. Makosa ya mwendelezo hayaonekani mara ya kwanza, kwa kuwa hadithi inavuta macho. Yanaonekana kwa mtu aliyekwisha kuchoka na hadithi lakini hajachoka na picha.

Ya pili ina uzito zaidi: lugha. Filamu zilikuwa za Kiingereza, Kihindi au Kichina, na wengi waliokaa kwenye mabenchi yale hawakuzifahamu lugha hizo. Mtazamaji wa Chicago alisikiliza maneno, na macho yakafuata nyuma. Mtazamaji wa Ipinda, wilayani Kyela, hakuwa na maneno ya kumsaidia. Hadithi nzima aliijenga kwa ushahidi wa kuonekana: nani amejeruhiwa wapi, nani amevaa nini, gari la nani liko wapi. Kama koti lilikuwa na matundu ya risasi mgongoni na baadaye yakapungua, kwake hilo lilikuwa jambo la msingi, kwa kuwa koti ndilo lililomsimulia. Katika Terminator 2 matundu hayo yapo. Roboti linaloigizwa na Arnold Schwarzenegger linamkinga mtoto kwa mgongo wake, risasi zinachana koti la ngozi, na matundu yanabadilika toka kipande kimoja hadi kingine.

Mfano ulio wazi zaidi hauko hata kwenye filamu ya sayansi. Ni Commando ya mwaka 1985, filamu iliyopendwa mno kwenye mabanda ya Afrika Mashariki. Gari la njano aina ya Porsche linagongwa na kuharibika ubavu mzima. Stelingi anamalizana na mwenye gari, analisimamisha, anaondoka nalo, na ubavu hauna hata mkwaruzo. Hapo hahitajiki mtaalamu.

Jurassic Park ya Steven Spielberg, ya mwaka 1993, ilikuwa na tatizo la aina nyingine. Dinosau mkubwa anavunja uzio na kutoka nje kwa miguu, usawa mmoja na barabara. Dakika chache baadaye gari linasukumwa kupitia sehemu ile ile ya uzio, nako sasa kuna genge refu ambalo gari linaning'inia juu yake. Mtu wa Matema anaishi mahali ambapo tambarare ya mpunga na mchanga wa ziwa hukutana ghafla na milima ya Livingstone. Anajua vizuri ardhi inavyopanda na inavyokatika. Genge haliwezi kumpita bila kuuliza limetoka wapi.

Au chukua Predator ya 1987. Stelingi anajipaka tope mwili mzima, na kiumbe kinachowinda kwa kuona joto kinapita karibu naye bila kumwona. Kinachofuata ni tope linalobadilika: hapa limeshika mwili wote, pale ngozi inaonekana. Zaidi ya hapo, tope likikaa mwilini huchukua joto la mwili baada ya muda mfupi, kwa hiyo maficho hayo yasingedumu. Karibu na Matema, huko Ikombe na kwenye soko la Lyulilo, wanawake wa Kikisi wamefinyanga na kuuza vyungu kwa vizazi vingi. Tope lililokauka na tope bichi ni vitu viwili ambavyo mtoto wa huko huvitofautisha kwa kutazama.

Kisha wakaja watafsiri. Jijini Dar es Salaam, Kapteni Derek Mukandala, afisa wa zamani wa jeshi aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alianza kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mbele ya watazamaji, kisha akaziuza kwenye kanda zikiwa na sauti yake. DJ Mark na wengine wakafuata, na sauti zao zikafika kila mahali deki ilipofika. Uganda ilikuwa na wenzao, wakiitwa VJ, wakizungumza Kiganda. Mtafsiri hakutafsiri tu. Aliwapa watu majina, aliwaonya, aliwasema, na hadithi ilipokuwa na tundu aliliziba kwa maelezo yake mwenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa nzito zaidi kwenye filamu za sayansi, kwa sababu huko makosa mengi hayako kwenye vitu, yako kwenye kanuni. Katika Terminator ya kwanza, ya mwaka 1984, inaelezwa kwamba mashine ya kusafiri katika wakati hupitisha kilicho hai tu. Roboti la chuma linapita kwa kuwa limefunikwa nyama. Filamu ya pili inaleta roboti la chuma cha majimaji mwanzo hadi mwisho, lisilo na nyama hata punje. Limepitaje? Filamu haisemi. Kioo cha lori ni uzembe wa siku moja ya kazi, lakini hili ni shimo kwenye msingi wa nyumba, na mtazamaji anayeliona amefika mbali kuliko wengi wanaolipwa kuandika uchambuzi.

Hollywood yenyewe imekiri. Mwaka 2017 Terminator 2 ilipotolewa upya kwa 3D, vioo vya lori vilirekebishwa kwa kompyuta, miaka 26 baada ya filamu kutoka. Katika Star Wars ya 1977 askari mmoja mwenye deraya nyeupe anajigonga kichwa mlangoni. Kwenye toleo la DVD la 2004 waandaaji waliamua kulikumbatia kosa hilo na kuongeza sauti ya mgongano.

Mabanda yamepungua. Vijana wa Kyela leo wanarushiwa muvi kwenye flashi kwa fedha kidogo, au wanazitazama kwenye simu, ambako mtu anaweza kusimamisha picha na kuikuza kwa vidole. Kusaka makosa kumekuwa rahisi, na kwa maoni ya mwandishi huyu, ubishi umepungua nguvu. Kwenye banda, aliyedai ameona jambo alipaswa kulitetea mbele ya watu thelathini waliolipa kiingilio.

Kinachouma ni kwamba jicho hilo halijapewa kazi. Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha kwamba filamu za sayansi ya kubuni zinawezekana. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi mwaka 2009, dakika 21 kuhusu dunia iliyokaushwa na vita vya maji, ambako jasho husafishwa na kunywewa tena. Ikaonyeshwa Sundance mwaka 2010. Katika filamu kama hiyo, chupa ya maji ikiwa nusu kwenye kipande kimoja na robo tatu kwenye kingine, hadithi nzima inaumia, kwa kuwa maji ndiyo hadithi. Nje ya sayansi ya kubuni, huko Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo sana na silaha za kuchonga, ikatoka mwaka 2010, na toleo lake linalofahamika lina sauti ya VJ Emmie juu yake, akishangilia na kuchombeza mwanzo hadi mwisho. Tanzania nayo ina filamu za mizimu, mojawapo ikiwa Nsyuka ya Mussa Banzi.

Filamu nyingi za hapa nchini bado zinapigwa kwa siku chache, na anayebebeshwa mwendelezo ndiye huyo huyo anayeshika taa, anayepika na anayetafuta nguo. Matokeo yanaonekana: hereni zinazobadilika katikati ya ugomvi, bandeji inayohama mkono, jua la asubuhi linalogeuka la jioni mtu akivuka kizingiti. Watazamaji wanayaona yote. Wanayaona kwa sababu babu zao waliziba matundu ya Jeki, na baba zao walitazama mkanda mmoja hadi ukakatika.

Mwambao wa Matema, bandari ya Itungi na milima iliyo nyuma yake ni mandhari ambayo dairekta yeyote wa filamu ya sayansi angeitamani. Atakayekuja na kamera, aajiri kijana wa huko kwa kazi moja tu: akae pembeni na daftari na simu, apige picha kila kipande kinapoisha, na apewe mamlaka ya kusema simama. Amlipe posho ya kila siku kama anavyomlipa kameramani.